Taa ya Fuso kwa Vifaranga wa Mama

Harufu ya maganda ya kahawa yaliyopata joto bado inanirudisha Bwera, kwenye stoo ya nyumba yetu, ambako mama alifugia vifaranga ndani ya boksi kubwa la mbao. Alitandika maganda hayo chini, akaning'iniza balbu moja juu, na vifaranga wakajibana chini yake wakilialia mchana kutwa. Mwaka uliotangulia umeme ulikuwa umekatika, akawawekea jiko la mkaa, na asubuhi akawakuta wote wamekufa kwa hewa yake. Mama alilia kwa siri, halafu akatangaza kwamba atajaribu mara moja tu tena. Hao nao wakifa, hatafuga kuku maishani. Mama yangu akishasema neno lake, limekwisha.

Mimi nilikuwa nimerudi likizo kutoka Kasese, nilikosoma nikikaa kwa shangazi huko Nyamwamba, na kichwa changu kilijaa umeme. Mwalimu wa fizikia alikuwa ametufundisha kwamba ukigawanya volti kwa ampea unapata ukinzani, kwa omu. Ukizidisha volti kwa ampea unapata nguvu, kwa wati. Basi nikawa kero ya mtaa mzima. Nilipiga hesabu ya pasi, ya tochi, ya kila chenye waya, na kuna jirani niliyemwuliza redio yake inavuta ampea ngapi wakati anasikiliza matangazo ya vifo. Alinifukuza, na alikuwa na haki.

Jumamosi moja mchana mvua ikashuka kutoka milimani pamoja na upepo wake, nguzo zikaanguka, umeme ukaenda. Ubaridi uliingia stoo upesi. Mama aliwafunika vifaranga kwa kitenge na hakutaka hata kusikia habari za mkaa. Mimi nikalitazama Fuso la baba lililoegeshwa uani. Baba alikuwa msafirishaji, mtu wa kuswali kwa wakati na wa kulipenda gari lake kupita kiasi. Hata kuliegemea tulikatazwa. Nikajipa moyo nikamwambia tutumie betri zake na taa moja ya mbele.

Baba akacheka. "Ya nyumba iko mia mbili arubaini. Ya gari iko ishirini na ine. Hiyo itapasha nini, Hawa, mutoto yangu?"

Nilimweleza huku nikiandika kwa kipande cha mkaa kwenye mlango wa stoo. Balbu ya nyumba iliandikwa wati sitini, maana yake kwa volti zile mia mbili arubaini ilivuta robo ampea tu, na ukinzani wake ulikuwa omu mia tisa na sitini. Taa ya Fuso maandishi yake yalikuwa yamefutika, kwa hiyo nikamwomba baba aiunganishe na mita yake. Mshale ukasimama kwenye ampea tatu. Ishirini na nne gawanya kwa tatu, omu nane: ukinzani mdogo, umeme unapita kwa wingi. Ishirini na nne zidisha kwa tatu, wati sabini na mbili. Taa ya gari ilikuwa na joto kuishinda ya nyumba. Baba alinitaka nirudie, nikarudia, naye akafuatisha kila tarakimu kwa kidole. Sijawahi kujisikia mkubwa kama siku ile.

Kisha akaniuliza, "Na Jumatatu asubuhi gari itawaka?"

Jumatatu alfajiri alitakiwa kwenda kupakia samaki ziwani Kahendero. Dizeli iliyobaki ilikuwa ya kumfikisha Muhokya tu, penye kituo cha mafuta, hivyo kuunguruma bure ili kuchaji betri haikuwezekana. Betri ziliandikwa mia moja, yaani ampea moja kwa saa mia moja, na hiyo ni zikiwa mpya. Kutoka jioni ile hadi Jumatatu alfajiri zilikuwa saa thelathini na nne, kila saa ampea tatu: mia moja na mbili. Nilipiga hesabu upya nikiomba niwe nimekosea.

"Haitawaka, baba."

Mama alikuwa amesimama mlangoni. "Wacha tu, baba Hawa," akasema. "Kazi yako kwanza."

Baba akaenda nje kwenye mvua, akarudi na spana ya kufungulia betri mkononi. "Basi tutasukuma," akasema.

Jumapili nzima ilinyesha, na taa ikawaka. Jumatatu ilikuwa imebaki nyekundu tu, lakini vifaranga walikuwa hai. Betri zikarudishwa garini na, kwa mara ya kwanza, baba akamwachia utingo wake usukani, akaenda nyuma kusukuma pamoja na watu waliotoka msikitini, kanzu yake ikiwa tope hadi magotini. Afande mmoja jirani yetu alijipa uongozi: "Sukuma! Wewe, acha kucheka! Sukuma!" Gari liliwakia mteremkoni. Baba alipofika Kahendero samaki wazuri walikwishachukuliwa na wengine. Alirudi na gari nusu tupu, na hakumlaumu mtu. Umeme ulirudi siku hiyohiyo, jua likiwa bado juu.

Siku hizi Bwera mapaa mengi yana sola, na betri zake zina kioo kinachokusomea wati zenyewe. Nafurahi kwa ajili ya watu, ila naona wivu kidogo kwamba hakuna mzazi anayelazimika kumsikiliza mtoto akizidisha na kugawanya. Baba ametutoka. Mama bado anafuga kuku, na mara ya mwisho nilipomtembelea nilimwuliza kama baba aliwahi kumwambia kwamba anampenda.

"Baba yako?" Akacheka sana. "Ule hakukuwa mutu ya maneno. Lakini wewe ulimwambia gari haitawaka, na yeye akaleta spana."