Tovuti yangu ilivyomtangaza mgeni alikotokea

Wakuu, heshima kwenu. Haya yalinikuta mwenyewe hapa Sumbawanga, miaka ile intaneti kafe zinaanza na mtu mwenye kompyuta nne anaitwa mwekezaji. Nimebadilisha jina moja tu.

Nilikuwa mwalimu wa sekondari, mwenye digrii na kiherehere. Nikatengeneza tovuti ya habari za Ufipa: bei ya maharage Mwazye, misiba, harusi. Nikaomba kurasa za watu wengine ziweke linki ya kuja kwangu. Zilizokubali sikuzichagua.

Sasa, mtu akibofya linki, browser yake inampa mwenye tovuti anwani ya ukurasa aliotoka. Wataalamu wanaiita referrer.

Mimi nikaona huo ndio ustaarabu wetu: mgeni akifika, unamuuliza habari za atokako. Nikaandika mistari mitatu ya code. Ukifungua tu, juu kabisa, kwa herufi nyekundu: "Karibu! Habari za utokako? Umetokea..." na anwani nzima.

Nikajisifu ofisi ya walimu wiki nzima.

Jumamosi asubuhi nikamkuta kafe Mwalimu Salome, mwenzetu wa kutoka Mbeya, mjane. Nyuma yake foleni, na mbele ya foleni mama mmoja muuza vitenge wa mtaa wa Kizwite ambaye akijua jambo, mji hauhitaji redio.

"Tovuti yako si hii, Mwalimu? Ngoja tuione, maana umetuchosha," Salome akasema, akabofya linki ya kwangu kwenye ukurasa wa maandishi madogo aliokuwa akiusoma.

Nyekundu ikajaa. Anwani ilikuwa ya ukurasa wa wanaoishi na virusi vya UKIMWI, na mwisho wake mada aliyokuwa akisoma: nimepima-niwaambieje-wanangu.

"Hee, eti umetokea wapi?" yule mama akauliza, akiinama huku anapapasa miwani.

Miaka ile, wakuu, jambo hilo lilitosha mtu kutengewa kikombe chake.

Salome hakugeuka. Nikafanya utaalamu pekee niliokumbuka: nikang'oa waya ukutani. Kompyuta zote nne zikazimika.

"We mwalimu una wazimu?" mwenye kafe akafoka.

"Nimejikwaa," nikasema. Nilikuwa nimesimama.

Jioni ile nilifuta code. Nikakuta baya zaidi: orodha ya wageni wote, na kila mmoja alikotoka, imejihifadhi yenyewe. Ningependa kuwaambia niliifuta bila kusoma. Nilisoma mistari miwili.

Siku nne kila kicheko sokoni kilinishtua.

Jumatano Salome akanisimamisha nje ya darasa.

"Ulikuwa unanichunguza?"

"Hapana, dada. Nilidhani ni adabu."

Akanitazama sana. "Mgeni huulizwa atokako, Mwalimu. Haambiwi."

"Na yule mama, alisoma?"

"Sijui. Kila nikipita kwake namsalimia, halafu nasubiri kuona ataitikiaje."

Nilichojifunza: si kila unachoweza kukijua kuhusu mgeni ni chako. Mnaotengeneza tovuti, hizo orodha mnazitunza za nini? Karibuni mseme. Mlikotokea, bakini nako.