Niliulizwa Kama Dada Yangu Alikuwa na Mtu

Admin, nifiche kabisa, kwa maana huku Busia tunajuana mpaka sufuria. Mimi ni mama wa miaka hamsini na sita, nina watoto wanne na wajukuu, nauza mitumba Malaba. Watu wananiogopa kwa mdomo. Lakini kuna siku moja mdomo huu ulidanganya, na mpaka leo sina raha.

Dada yangu mkubwa, nimwite Nekesa, alienda Denmark kusomea unesi mwanzo wa miaka ya tisini, akabaki huko kazini. Tulikuwa tunaandikiana barua. Siku moja akanitumia picha: yeye na mwanamke wa huko, nimwite Inga, wameshika maua mbele ya ofisi ya serikali. Akaandika, "Tumeandikishwa. Hapa sheria inatujua kama watu wa nyumba moja. Nyumbani nimekuambia wewe peke yako, usinitupe." Wueh! Nilikaa chini. Nikamjibu habari ya mahindi na mvua, hayo mengine nikayaruka. Hakuniuliza tena.

Miaka michache baadaye kansa ikamchukua. Kule Inga alikuwa na haki ya kumzika hukohuko, hakuna mtu angemuuliza. Lakini Nekesa alikuwa ameomba alale kwao, kwa hivyo yule mama akapanda ndege na jeneza mpaka kwetu. Alifika macho yamevimba, ameshika bahasha yenye cheti chao. Akaniambia kwa Kiingereza cha kuokoteza, "Waambie wazee mimi ni nani. Nataka nikae karibu naye."

Sasa mjue, kwetu msichana akifa bila kuolewa hazikwi ndani ya boma. Anapelekwa nyuma, nje ya ua. Lakini kama ana mtu wake, huyo mtu ndiye anaulizwa azikwe wapi. Baba mdogo akatukusanya, akaniangalia mimi. "Wewe ndiye ulikuwa unaandikiana naye. Dada yako alikuwa na mtu huko, ama hakuwa?"

Inga alikuwa ameketi kando yangu. Kiswahili hakujua, lakini alielewa kwamba anaulizwa yeye. Akanipatia ile bahasha.

Jameni, wiki mbili mbele wakwe wa Kocholia walikuwa walete ng'ombe za mahari yangu. Nilifikiria hiyo tu. Wakisikia haya watarudi na ng'ombe zao, na nani atanioa tena? Nikasema, "Hapana, Baba. Hakuwa na mtu. Huyu ni rafiki wa kazini."

Nekesa akazikwa nyuma ya ua, karibu na pale mbuzi walikuwa wanafungwa. Inga akawekwa kwa hema na wageni, akapewa soda. Wakati wa kutupa mchanga aliitwa mwisho kabisa, baada ya majirani. Alilia mpaka wamama wakaanza kunong'ona, "Ati rafiki? Rafiki gani analia kushinda mama mzazi?" Mimi nilikuwa naangalia chini.

Ng'ombe zililetwa. Ndoa yangu inajulikana kanisani mpaka kwa chifu, na sidhani bwana yangu atanililia hata nusu ya vile Inga alilia.

Sasa kaka yetu anauza ile sehemu ya nyuma, mnunuzi anataka kujenga lojing'i ya kulala wageni. Inga hunitumia kadi kila Krismasi, kwa hivyo nikamwandikia. Yeye ni mzee, tena mgonjwa, na ameomba apewe mifupa ya Nekesa ili wazikwe pamoja huko kwake. Kaka akawaka. "Rafiki wa kazini achukue mtu wetu kama nani? Angekuwa bwana yake tungeongea."

Nikisema ukweli, kanisani ninakoongoza akina mama sitaweza kukanyaga tena, na nyumbani kwangu sijui kutakuwaje. Na kaka anaweza kukataa bado. Lakini angalau atakataa akijua anamkatalia nani. Nikinyamaza, watu watalala juu ya dada yangu.

Juzi barua nyingine ya Inga imefika. Anasema, "Asante. Najua siku ile uliwaambia wazee ukweli wakakataa. Kwenu wote, ni wewe tu ulisimama na mimi."

Watu wangu, nimeisoma nikalia kama mtoto. Nianzie wapi? Kwa kaka yangu, ama kwa huyu mama anayenishukuru?