Dari ya Chumba cha Pili

Miaka ishirini na sita nimefunga dari za watu, uso juu, skrubu mdomoni. Wateja waliniita Jicho kwa sababu sikuwahi kutumia pimamaji. Nilitazama ubao, nikasema umenyooka, na ukawa umenyooka.

Kisha shingo ikaanza kuuma kutoka kisogoni hadi begani, na kizunguzungu nacho kikaja. Daktari wa mifupa alisema pingili zimesagika. Akanivisha kola na kunikataza kugeuza kichwa. Wa masikio akasema tatizo liko ndani ya sikio, akaniagiza nikigeuze kila asubuhi, kulia na kushoto. Wa tatu akaona presha, na nikimeza dawa yake, nikiinuka ghafla naona giza. Wote watatu walikuwa sahihi.

"Baba watoto," mke wangu alisema, "asubuhi ugeuke, mchana usigeuke, jioni usiinuke. Si bora wakutundike ukutani tu?"

Nilicheka. Siku hizi nacheka kama ninavyovaa kola, kwa kuwa ni saa yake. Ndani hakuna kitu.

Nje ya nyumba aliyejua ni shemeji yangu mmoja tu, mdogo wake mke wangu, ninayefanya naye kazi. Fundi wa dari mwenye kizunguzungu nani atamwita?

Juzi tulikuwa kwa mwalimu mstaafu, chumba cha pili. Nilipanda ngazi bila kola ili mwenye nyumba asiione. Chumba kikazunguka. Nikashikilia fremu mpaka kikatulia, nikautazama ubao.

"Umenyooka. Funga."

Shemeji hajawahi kunibishia mbele ya mteja. Alifunga skrubu zote akiwa juu ya meza. Mwalimu alipotoka kupokea simu, shemeji akatoa pimamaji kwenye mfuko wake, akaiweka chini ya ubao. Kiputo chake kikakimbilia pembeni kabisa.

Pimamaji yenyewe ilikuwa imechakaa, imejaa madoa ya rangi.

"Umeinunua lini?" nikamuuliza.

"Mwaka jana, shem. Huwa narudi ukishaondoka, narekebisha. Leo mwalimu anahamia jioni, nisingepata nafasi."

"Umerudia nyumba ngapi?"

Akatazama chini. "Zote."

Nikakumbuka sifa nilizopewa mwaka mzima. Nilingoja niumie moyoni, sikuumia. Nikashuka polepole, nikaishika miguu ya ngazi kwa mikono miwili, nikamwambia apande.