Fungu la Nyigu

Mdomo wa juu wa Mzee Ambokile ulivimba Jumatatu saa nne asubuhi, na kufikia saa sita mtaa mzima wa Mkuza, Kibaha, ulikuwa na habari. Nyigu alikuwa ametua kwenye ukingo wa glasi yake ya juisi ya nanasi. Mzee, ambaye tangu astaafu kazi ya serikali hanywi kitu bila gazeti mkononi, alimkaribisha mdomoni bila kumtazama. Waliokuwepo wanasema aliruka juu, kiti kikaenda huku na gazeti kule. Yeye mwenyewe anasema alisimama haraka.

Kila mtu alikuwa na ruhusa ya kucheka isipokuwa Biasha. Juisi ilikuwa yake.

Alikuwa ameuza juisi kwenye kibaraza kile kwa miaka tisa. Kibaraza ni mali ya Mzee Ambokile, kipo mbele ya fremu zake tatu za biashara, na nyumba anayoishi ipo nyuma ya fremu hizo. Biasha alianza hapo mwaka aliofiwa na mumewe, akiwa na ndoo moja na kisu cha kuazima. Ni hapo alipomsomeshea binti yake, Zena, ambaye sasa yuko mwaka wa pili wa uuguzi. Hakuwa na bango wala jina la biashara. Ukiulizia juisi Mkuza unaambiwa nenda kwa Mama Zena, na ukifika unakuta watu waliotoka kazini wamejipanga, mikoba mabegani, wakimsubiri amalize kumenya. Kibaraza kile ndicho kilichomfanya awe mtu mbele ya watu, na alilijua hilo.

Jioni ile Mzee alimwita uani. Mdomo ulikuwa bado umetangulia mbele kuliko uso.

"Shikamoo, Mzee. Pole sana."

"Marahaba. Mama Zena, Jumamosi wanakuja wageni kutoka Same, wanakuja kumposa binti yangu Atupele. Umeniahidi juisi, na juisi yako naipenda, sitaki kusema uongo. Lakini nyigu mmoja akimuuma mgeni wangu, mmoja tu, Jumapili naomba unipishe kibaraza changu."

"Nimekusikia, Mzee."

Alijibu kwa heshima zote, kisha akaondoka masikio yakiwaka kwa hasira. Miaka tisa! Miaka tisa ya kufagia mbele ya fremu zake, na leo anawekwa kwenye mzani mmoja na mdudu.

Lakini ukweli usemwe, nyigu walikuwa wamezidi. Joto la Februari lilikuwa limekaba, na wao walikuja tangu jua likichomoza. Walitembea juu ya jagi, wakaonja kisu, wakazama kwenye beseni. Wateja walijifunza kunywa huku kiganja kimefunika glasi, na wengine walianza kusema wataichukua wakainywee nyumbani. Juu kabisa, kwenye ubao wa ukingo wa paa, kulikuwa na kiota chao cha kijivu, kimening'inia kama kikombe kilichofunikwa.

Dulla, fundi wa kuchomelea mageti kwenye fremu ya mwisho, hakuwa na mashaka. Ni mtu mzima mwenye mvi kidevuni, ila mbele ya moto huwa anarudi utotoni.

"Dada Biasha, dawa ya moto ni moto. Niachie mimi."

Akaachiwa. Jumanne, jua likizama, alifunga tambara kwenye nondo, akalichovya kwenye petroli, akakipandishia kiota. Kiota kiliungua, hilo hana wa kumpinga. Ubao wa Mzee nao ukaungua, ukawa mweusi urefu wa mkono mzima, na sikio la Dulla, lililoumwa na nyigu, likavimba kama andazi. Kesho yake asubuhi nyigu walikuwepo palepale mezani, wengi kuliko jana. Kumbe kile kilikuwa kiota kimoja tu, na hakuna aliyejua viota vingine viko wapi. Mzee alitoka, akautazama ubao wake, akamtazama Biasha, akarudi ndani bila kusema neno. Biasha angeona afadhali atukanwe.

"Basi tupulize dawa ya wadudu," Dulla alisema, ameshika sikio.

"Niwapulizie watu sumu kwenye kinywaji? Wewe fundi, kachomelee mageti."

Jumatano hiyohiyo alipanda kirikuu cha mizigo kwenda Msimbu, Kisarawe, kufuata mananasi ya Jumamosi. Msimbu ni kwao. Mama yake, Bi Zuwena, bado analima kipande chao cha mananasi, na Biasha alimkuta amekaa na wavunaji kwenye mkeka, wanakula mihogo ya kuchemsha na nanasi lililokatwa vipande vinene. Akasalimia, akakaa, akachukua kipande, na mkono wake mwingine ukaanza kupunga hewani.

Mama yake alimtazama.

"Unapunga nini, mwanangu?"

Biasha akasimamisha mkono. Hakukuwa na kitu. Sahani ya nanasi ilikuwa wazi juani, utamu unachuruzika hadi kwenye mkeka, na hapakuwa na nyigu hata mmoja. Akageuza shingo kama mtu aliyeitwa. Mbali kule, baada ya mstari wa mwisho wa mananasi, palikuwa na fungu la mananasi yaliyopasuka, na juu yake hewa ilikuwa inavuma kwa nyigu.

"Bado mnapeleka?" aliuliza.

"Tusipopeleka tutakula wapi? Wewe ndiye ulikuwa unalia ukitumwa," Bi Zuwena alisema, na wavunaji wakacheka.

Hapo yakamrudia yote. Alikuwa na miaka sita au saba. Kwao, siku ya kuvuna, nanasi la kwanza kukutwa limepasuka halikai na watu. Linapelekwa mwisho wa shamba kabla mtu yeyote hajatia kitu mdomoni, na kazi hiyo ilikuwa yake. Aliichukia. Aliona ni kupoteza tunda, na alipoolewa Kibaha akaiacha Msimbu pamoja na ushamba mwingine wote.

Kisha akakumbuka ndoo yake. Tangu Desemba wakazi wa Mkuza walikuwa wameshikwa na wazimu wa maji ya maganda ya nanasi yaliyochemshwa na tangawizi. Yanapunguza tumbo, walisema, yanasafisha damu, na aliyemsimulia mwenzake aliongeza ugonjwa mmoja. Biasha, mwanamke wa biashara, alikuwa ameacha kutupa maganda. Aliyahifadhi kutwa nzima kwenye ndoo chini ya meza, katikati ya miguu yake, yakichacha kwa joto, ili jioni ayachemshe. Nyigu walianza kuzidi lini? Desemba. Miezi miwili anagombana na mgeni aliyemwita mwenyewe, akamwekea na kiti. Kikulacho ki nguoni mwako. Alicheka peke yake hadi mama yake akamuuliza kama ana homa.

Njiani kurudi, amekaa kati ya mananasi, alipanga mambo yake. Shambani mwisho wa shamba uko mbali. Mkuza mwisho wa shamba uko wapi? Na nyigu aliyezoea meza yako huwezi kumwambia kesho ahamie kwa jirani. Itabidi ahamishwe taratibu, hatua kwa hatua, hadi adhani ni akili yake mwenyewe.

Alhamisi alfajiri, nyigu wakiwa bado wazito kwa ubaridi, alisugua meza kwa sabuni na kuisuuza kwa maji ya ndimu. Akasugua sakafu ya kibaraza, akasugua miguu ya viti. Ndoo ya maganda akaitoa chini ya meza, akaiweka kwenye kona ya ukuta, hatua kumi kutoka kwa wateja, na juu yake akaweka nusu ya nanasi lililoiva sana. Jagi zote zikavaa kawa, zile za ukili ambazo mama yake alimfungia. Jua lilipopanda nyigu walikuja mezani, wakazunguka, wakakosa. Kufikia saa tatu walikuwa wote kwenye ndoo.

"Dada, sasa umeamua kuwafuga!" Dulla alipiga kelele.

"Mama Zena, maji ya maganda?" wateja waliuliza.

"Hakuna. Matumbo yenu yatapungua kwa kutembea."

Ijumaa alfajiri ndoo ilihamia nyuma ya nyumba. Mzee Ambokile alimkuta anapasua nanasi zima, zuri, la kunukia, na kulilaza juu ya maganda. Mdomo wake ulikuwa umerudi kawaida, hasira bado.

"Nanasi zima unawapa hao?"

"Ndiyo, Mzee."

"Kwani wao ndio wanaoposa?"

"Hapana, Mzee. Ila nao wanakula harusini."

Alitikisa kichwa na kwenda zake. Mtaani walikuwa wanasema kifo cha mumewe kimemrudia kichwani. Biasha aliyasikia, yakamuuma, akaendelea kumenya. Jumamosi kabla ya jua kutoka alibeba ndoo hadi kwenye kiwanja cha jirani ambacho hakijajengwa, akaimwaga chini ya mipapai, mbali na uzio. Mwisho wa shamba ulikuwa hapo.

Wageni walifika saa sita. Turubai lilikuwa limefungwa uani, viti vimepangwa pande mbili, wenyeji huku, wageni kule. Msemaji wa Wapare hao alikuwa shangazi wa bwana harusi, Mama Elinipa, mwanamke mnene mwenye sauti ya kanisani. Biasha alimimina juisi mwenyewe. Alisimama kwenye mlango wa jiko na kila glasi iliyoinuliwa aliisindikiza kwa macho. Mazungumzo yalipanda, yakashuka, watu walitaniana. Saa nzima ilipita, na ua ulikuwa safi. Akaanza kupumua.

Ndipo mmoja alipokuja.

Alipita chini ya turubai, akazunguka mara mbili, akatua kwenye ukingo wa glasi ya Mzee Ambokile. Mzee alikuwa katikati ya sentensi. Sentensi ikafa. Mkono wake ulianza kuinuka kutoka pajani.

"Mzee, usipunge!"

Biasha hakujua kama amepaza sauti kiasi hicho mbele ya wageni. Alichukua kisahani, akaweka kipande cha nanasi lililoiva, akatembea katikati ya pande mbili za posa kama mtu mwenye shughuli yake. Mdudu mmoja tu, na Zena ana mwaka mmoja umebaki chuoni. Akaweka kisahani kando ya glasi, kigusane nayo. Nyigu alitikisa mabawa. Alitembea ukingoni kidogo, akasimama, akafikiri mambo yake, kisha akavuka akaingia kwenye nanasi.

Biasha akainua kisahani. Hakukimbia. Alipita mbele ya Mama Elinipa, akapita wazee, akapita kuku, akatoka getini na nyigu wake anakula kwa raha zake, na watu zaidi ya thelathini walikuwa wamenyamaza hadi ukasikia kandambili zake zikigonga kwenye nyayo. Chini ya mipapai akainamisha kisahani juu ya fungu. Hapo walikuwa wamejaa, mamia, kila mmoja na shughuli yake, na hakuna aliyejishughulisha naye.

Aliporudi na kisahani kitupu, Mama Elinipa alisimama na kupiga kigelegele kirefu ambacho bila shaka kilisikika hadi Tumbi. Wanawake wa pande zote mbili wakakipokea. Ndani ya nyumba Atupele, ambaye hakutakiwa kuonekana bado, alikuwa amebana pua kwenye nondo za dirisha, naye akapiga chake.

"Jamani, wenyeji, huyu mama ni nani?" Mama Elinipa aliuliza.

Mzee Ambokile alikohoa. Alitazama glasi yake, akainywa yote, akaiweka chini. Biasha alikuwa amesimama palepale, kisahani mkononi.

"Huyu ni Mama Zena," Mzee alisema. "Kile kibaraza mlichopita pale mbele ni chake. Atakaa hapo mpaka achoke mwenyewe."

Minong'ono ya furaha ilipita, na msemaji wa upande wa wenyeji akarudia maneno hayo kwa sauti, kama anavyorudia kila kitu siku ya posa, ili wazee wa pande zote mbili wawe mashahidi. Mzee alimtupia jicho. Alikuwa amechelewa. Kinachotamkwa kwenye posa mbele ya wazee hakirudishwi, hata kama ni kibaraza.

Biasha aliingia jikoni, akafunga mlango, akalia kwa furaha huku amejiziba mdomo na kanga, halafu akatoka kuongeza juisi.

Jumapili alfajiri alikuja na nanasi lake lililopasuka kulipeleka kwenye mipapai kabla ya kufungua. Mzee Ambokile alikuwa ametangulia. Alikuwa na kaptula na viatu vya kanisani, ameshika sahani ya mabaki ya matunda ya jana kwa mikono miwili, mbali na kifua, na anatembea kwa ncha za vidole.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nimwage wapi?"

"Hapo hapo," Biasha alisema. "Ila usipunge."