Jina Nililoliruka Ukweni

Ile Jumapili sijaisahau mpaka leo, mwanangu. Nikiikumbuka namshukuru Mungu, ingawa wakati ule nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nilikuwa kijana, natengeneza simu pale mjini, na nimempenda mama yako. Baada ya ibada nikaenda kwao kuposa. Walikaa ghorofa ya tatu, juu ya saluni ya shangazi yake, Mama Faida, mwanamke ambaye hata wachungaji walimwogopa. Desturi yetu unaijua: anayeposa, ukoo wake hutajwa mbele ya wakwe, baba, babu, baba wa babu, mpaka wazee waridhike. Anayetaja ni baba mdogo. Lakini hapa Durban baba mdogo ningemtoa wapi? Wangu wote walibaki Kongo. Basi nikasimama mwenyewe na suti ya kuazima, jasho linanitoka.

Nikamtaja baba. Nikamtaja babu. Nilipofika kwa baba wa babu, Feruzi, nikamruka, nikataja mtu wa kubuni, chifu kabisa, mwenye ng'ombe zake!

Feruzi alikuwa mtumwa, ndiyo sababu. Hata hilo jina alipewa na waliomnunua. Alitoroka msafarani na kamba shingoni, akajificha milimani karibu na mpaka wa Kongo pamoja na watoro wengine. Wazungu na wafanyabiashara wa watumwa walipoanza kuugombania mpaka ule, watoro nao wakapata bunduki, wakapigana. Feruzi hakupigania bendera ya mtu. Alilinda kivuko ili wengine waliotoroka wapite, na alirudi na mkono mmoja. Haya nilimsimulia mama yako kwa siri, naye kwa kujivunia akamsimulia shangazi yake. Mimi sikujua.

Mama Faida akaniangalia. "Feruzi iko wapi?"

Nikababaika. "Mama, yule... alikuwa mtumwa."

"Tunajua! Mutoto alituambia, na tulifurahi. Wewe ndiyo unamuficha? Mwanaume anaficha babu yake sababu alikuwa mutumwa, kesho atamuficha mutoto yetu sababu iko mukimbizi. Hatutoi mutoto. Enda!"

Mama yako alikuwa mlangoni na sinia la vinywaji, analia. Nilitoka nikafika ngazini, viatu mkononi. Aibu niliyoisikia pale, we acha tu! Halafu hasira ikanishika, hasira juu yangu mwenyewe. Mtu aliacha mkono wake kivukoni, nami naona haya kumtaja. Nikarudi, nikapiga magoti, nikaanza upya. Nilipofika kwake nikasema kwa nguvu: "Feruzi, mtumwa aliyetoroka, akapigana, akawafungulia wenzake njia."

Mama Faida akasimama, akaniinua, akapiga kigelegele cha kwanza. Miaka yote hii, kila asubuhi nikimwona mama yako jikoni, namshukuru yule mama kwa ukali wake. Asingenifukuza, ningeoa kwa uongo, na ningeishi nao humu ndani.

Sasa wewe Jumamosi unakwenda ukweni, Westville, kwa watu wenye magari mawili. Nimesikia umemwambia mchumba wako kwamba mimi nilikuja hapa kwa ndege, kusoma. Eish, mwanangu! Ndege gani? Nilivuka mipaka nimefichwa chini ya magunia ya mahindi, kwingine kwa miguu, na hapa nikaanza kwa kuosha magari ya watu. Sikukasirika, maana nami niliwahi kufanya hivyo hivyo.

Lakini nakuomba, wataje wote. Mtaje Feruzi jinsi alivyokuwa. Mtu aliyekukomboa hahitaji kupambwa, mshukuru tu. Mungu akupe mke mwema, akupe wakwe wenye kusikiliza, akupe watoto wasioona haya kulitamka jina lako. Na ukifika kwangu, baba, usishushe sauti.