Majembe Yasiyoimbiwa

Cicily, mke wa Gichovi, alikuwa na shamba lililojaa viazi vitamu na mtoto aliyekuwa akifa kwa njaa. Mambo hayo mawili hayakupaswa kukutana katika maisha ya mtu mmoja. Lakini mwaka wa 1955, katika vijiji vya Embu vilivyo karibu na msitu wa Mlima Kenya, yalikutana katika nyumba nyingi.

Serikali ilikuwa imewaondoa watu mashambani na kuwarundika katika vijiji vilivyozungushiwa handaki na vijiti vilivyochongwa, ili wapiganaji wa msituni wakose chakula. Gichovi alikuwa kizuizini Manyani. Kila asubuhi wanawake walitolewa langoni na majembe yao, wakaenda kuchimba handaki jingine, refu zaidi, kandokando ya msitu. Waliachiliwa saa kumi jioni, na lango likafungwa saa kumi na moja. Shamba la Cicily lilikuwa ng'ambo ya mto Kapingazi, mwendo wa karibu saa nzima, na mtu aliyekutwa nje baada ya lango kufungwa angeweza kupigwa risasi. Basi viazi vikaozea ardhini. Peninah, bintiye wa miaka mitatu, akalishwa uji mwepesi kama maji ya kuoshea sufuria. Miguu yake ikaanza kuvimba. Nywele zake zikawa nyekundu na laini kama ndevu za hindi.

Wanawake walilizungumza jambo hilo mtoni, wakati wa kuchota maji. Kivuti, homgadi, yaani mgambo wa serikali aliyewalinda, alikuwa ameketi mbali juu ya jiwe.

"Tuandike barua nyingine," alisema Alice, ambaye mumewe alifundisha katekisimu.

"Ile ya kwanza iko wapi?" aliuliza Teresia, aliyekuwa mkubwa wao kwa umri.

"Mchungaji aliipeleka."

"Basi yule Mzungu, Bwana DO, ameiwashia kiko chake."

Walicheka, na Alice mwenyewe akacheka. Kisha mmoja akasema wakatae kuchimba, na hapo kicheko kikakatika. Kijiji cha bondeni kilikuwa kimekataa. Lango lao lilifungwa hata wakakosa maji, na walipotolewa walichimba kwa kasi kuliko zamani.

"Mnakumbuka shamba la Rwamba?" Teresia akauliza.

Wote walilikumbuka. Rwamba alikuwa bahili aliyewaita wanawake wa ukoo kumlimia bila kuwapikia. Siku moja walikuja kama kawaida, wakalima kama kawaida, ila hawakuimba. Kwao, kazi ya pamoja bila wimbo ilikuwa sawa na kumwambia mwenye shamba kwamba mmemhesabu miongoni mwa wafu. Jua lilipofika utosini, Rwamba alikuwa amekwisha chinja kondoo dume, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akipuliza moto.

"Sasa niambieni," Teresia akaendelea, "ni mke wa nani amewahi kuchapwa kwa kutoimba?"

Hoja hiyo iliwaingia wote isipokuwa Cicily. "Lakini mama," alisema, "Rwamba alikuwa mtu wetu. Huyu Mzungu atajuaje?"

"Njuki atajua. Mzungu anasikia kwa masikio ya Njuki, na masikio yale unavyoyaona, hayakosi kitu."

Njuki alikuwa mkuu wa kijiji, aliyewekwa na serikali, mwana wa nyumba ya jirani yake Teresia. Walikubaliana kwamba hakuna atakayefungua kinywa handakini mpaka Njuki mwenyewe aulize wanataka nini. Hapo watamwambia: waachiliwe saa nane. Waliapa kwa vichwa vya watoto wao. Cicily naye aliapa.

Jumatatu majembe yalianguka bila wimbo. Kwa kawaida Teresia alirusha ubeti, wengine wakaitikia, na mara nyingi ubeti huo ulihusu tumbo la Njuki au matege ya Kivuti.

"Mama zangu, mmemeza ndimi pamoja na uji?" Kivuti aliuliza akicheka.

Hakujibiwa.

"Hata kunitukana? Teresia, miguu yangu leo imenyooka?"

Alingoja. Kisha akaacha kucheka, akaenda kusimama mbali, akiwapa kisogo.

Njuki alipofika alisikiliza, akafuta jasho, akaondoka bila kukagua kazi. Kesho yake alileta debe la maji ya kunywa na kulibeba mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Siku ya Alhamisi alikuja karibu kabisa na Teresia, akachuchumaa ukingoni mwa handaki. Alifungua kinywa. Wakati huo huo Landrova ya Bwana DO ikapanda kilima, naye akasimama upesi na kujikung'uta vumbi magotini.

Bwana DO, ofisa wa wilaya, alikuwa kijana wa Kizungu mwenye Kiswahili cha kuamrishia wapishi. Alitembea kandokando ya handaki akitabasamu.

"Mimi nafurahi sana, Njuki. Zamani kelele mingi. Sasa kazi tu. Hii kijiji nzuri kabisa."

"Ndiyo, Bwana," Njuki alijibu, bila kuinua macho.

Cicily alikielewa Kiswahili, kwa kuwa aliwahi kufua nguo za wauguzi mjini Embu. Alisikia kila neno, na akatambua kwamba kimya chao chote, kilichomkosesha Njuki usingizi, kilimfikia mtu huyu kama zawadi. Asubuhi ile Peninah alikuwa amekataa uji. Cicily aliweka jembe chini.

"Bwana, naomba kusema."

"Mama Peninah, nyamaza," Njuki alinong'ona.

"Wacha yeye seme," Bwana DO alisema.

"Mtoto wangu amevimba miguu, Bwana. Chakula kipo, kiko shambani, ila lango linafungwa kabla sijarudi. Siombi posho. Tunaomba sote tuachiliwe saa nane tukachimbe viazi vyetu."

Aliyasema kwa adabu na kwa ufasaha. Bwana DO alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akawageukia wengine.

"Nyinyi yote nataka hii?"

Njuki aliwatafsiria ombi na swali kwa Kiembu bila kupunguza kitu. Na wanawake wale, ambao kila mmoja alikuwa na mtoto mwenye njaa, wakanyamaza. Alice aliuma mdomo. Teresia alitazama udongo. Walikuwa wameapa; aliyekuwa akiuliza ni Mzungu, Njuki alikuwa kinywa chake tu. Tena walikuwa wamemwona Njuki akichuchumaa na kufungua kinywa, wakaamini kwamba wakivumilia kidogo tu atavunjika.

Sisi tuliokuja baadaye hupenda kusema kwamba dhuluma hudumu kwa sababu watu hukosa ujasiri. Siku ile ujasiri haukukosekana. Mmoja alithubutu kusema na wengine walithubutu kunyamaza, na kila ujasiri ukauua mwenzake. Kupinga ni kuzungumza na mtu. Haitoshi wewe kujua maana ya ulilofanya.

"Wewe moja tu," Bwana DO alisema, bila ukali. "Wengine hapana shida. Fanya kazi haraka, rudi haraka."

Akapanda gari. Njuki alibaki akitazama vumbi lake. Alikuwa amesifiwa, na mtu aliyesifiwa kwa utulivu wa kijiji chake hana tena sababu ya kuuliza kitu. Hakurudi kuchuchumaa karibu na Teresia.

Peninah alikufa Jumanne iliyofuata, kabla ya jua kutoka. Cicily aliruhusiwa kutokwenda handakini siku hiyo. Jioni Teresia aliingia, akaketi sakafuni karibu na mafiga yaliyopoa.

"Ungetutazama," alisema. "Ungegeuka ukatutazama, tungesema."

"Niliwatazama, mama."

Teresia alivuta kanga yake usoni. Cicily hakumfukuza, wala hakumfariji.

Kesho yake pembe ililia na Cicily akatoka na jembe kama wengine. Wiki hiyo Bwana DO alipita tena, akasimama ukingoni, juu ya mahali alipokuwa akichimba Cicily.

"Huyu mama ya mtoto gonjwa. Mtoto nasikia vipi?"

"Amekufa, Bwana," alisema Njuki.

Kijana yule alivua kofia. Alionekana kuhuzunika kweli. "Pole, mama. Lakini wengine, Njuki? Kama shida ilikuwa kubwa, kwa nini wengine hapana sema?"

Cicily aliacha kuchimba, akainua uso kumtazama mkuu wa kijiji. Handaki lote lilikuwa limetulia. Njuki alimtazama yeye, akawatazama wanawake, akamwangalia tena yule Mzungu aliyeshika kofia mkononi.

"Sijui, Bwana," alisema.