Mama Mkwe na Bidoni la Asali

Mwezi wa saba hapa Lubumbashi baridi huingia hadi ndani ya kabati. Mafuta ya mawese huganda kwenye chupa, sabuni huwa ngumu kama tofali, na asali, kama umeiweka kwenye chombo chenye mdomo mwembamba, hukataa kabisa kutoka. Hilo la asali nililijua vizuri. Kila mwaka, mvua zikishaisha, nilikuwa napanda lori hadi Lukafu kwa mjomba wangu, mwenye mizinga yake msituni, na kurudi nyumbani Ruashi na bidoni la manjano, dumu la plastiki lililojaa asali, limebanwa katikati ya miguu. Kwa kawaida niliigawa asali kwenye chupa za kioo wiki ileile, ikiwa bado inatiririka. Mwaka ule sikuwahi. Mke wangu alikuwa na mimba ya mwisho mwisho, miguu imevimba, na mimi nilikuwa mbio kati ya hospitali na shule ninakofundisha. Bidoni likabaki kwenye kona ya jikoni, nyuma ya gunia la makala, makaa ya kupikia.

Binti yetu alizaliwa kwa operesheni. Daktari alimkataza mke wangu kuinua kitu chochote kizito kuliko mtoto wake, na hata huyo amwinue kwa taratibu. Basi mama yake akaja na treni kutoka Mwene-Ditu kumtunza.

Hapo ndipo mambo ya nyumba yetu yalipokuwa magumu kidogo. Ukoo wa mke wangu ni watu wa Kasai. Kwao, mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni. Hawali meza moja, hawabaki chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja hupisha. Mimi kwetu, watoto wa wafanyakazi wa reli kutoka kaskazini, heshima kwa mama mkwe ipo, lakini haifiki huko. Siku ya harusi yetu alinisalimu amenigeuzia mgongo. Tangu siku hiyo nilikuwa naijua sauti yake, visigino vyake na pindo la kikwembe chake, kitenge cha kujifunga. Uso wake sikuwahi kuuona, isipokuwa katika picha moja ya zamani ambayo jua lilikuwa limeifuta nusu.

Na nyumba yenyewe ni ndogo. Niliijenga mwenyewe polepole, na milango ya ndani sikuwa nimeifikia bado. Tulikuwa na rido tu, mapazia ya kitambaa. Tukajitungia taratibu bila mtu kuzitamka. Mimi, kabla ya kuingia uani, nilikohoa. Yeye, akiwa jikoni, aligonga sufuria kwa kijiko ili nijue nisipite. Ujumbe wote ulipitia kwa mke wangu kitandani. "Mama anauliza kama makala yamebaki." "Mwambie mama nitaleta jioni." Baada ya siku chache mke wangu alichoka.

"Mi si redio yenu," alisema, akavuta blanketi hadi masikioni.

Asubuhi moja alikuwa amelala, na mtoto amelala pembeni yake. Mimi nilikuwa saloni, sebule yetu, nasahihisha karatasi za mtihani. Nikasikia kitu kinapigwapigwa sakafuni jikoni, kizito, kama mtu anatwanga. Halafu sauti nyuma ya rido.

"Baba wa mutoto."

Hakuwa amewahi kuniita moja kwa moja.

"Ndiyo, mama," nikasema, na bila kufikiri nikageuza kiti nikautazama ukuta.

"Nilitaka kutia asali mu uji ya mugonjwa. Hii asali yako, balikudanganya. Ni sukari batu balipika. Iko jiwe."

"Hapana, mama. Ni baridi tu. Asali ya kweli inagandaka. Haiharibike."

"Iko jiwe," alirudia. Nikasikia bidoni likipinduliwa tena, na hakuna kilichoteremka. "Bon. Nitaifanya sawa mawese. Nitaiweka karibu na mbabula, itayeyuka."

"Mama, moto hapana. Asali inaomba maji ya vuguvugu tu, maji yenye mukono inaweza kuvumilia. Moto inaua harufu yake. Tena bidoni ni plastiki."

"Mm," akasema.

Baadaye nilikuja kuijua hiyo "mm" yake. Maana yake ni kwamba amekusikia vizuri na atafanya anavyotaka yeye. Siku hiyo sikuijua bado. Nilirudi kwenye karatasi zangu, nimeridhika kwamba tumeelewana vizuri hivyo kupitia kitambaa.

Harufu ndiyo iliyonishtua. Kwanza ilikuwa tamu, kama sukari kwenye kikaango, kisha ikawa kali ya plastiki. Niliita, "Mama!" Hakuna jibu. Nikakohoa. Nikaita tena. Sikusikia kijiko. Nikafungua rido, nikaingia.

Bidoni lilikuwa limesimamishwa kando ya mbabula, jiko letu la makala, na ubavu wake uliotazama makala ulikuwa umelainika ukatoka nje kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Katikati ya shavu hilo palikuwa na tundu dogo, na asali ilikuwa inashuka hapo kama uzi mweusi, inaangukia makala na kutoa moshi. Nililinyakua kwa mikono miwili. Nilipoliinua tundu likapanuka, asali ya moto ikanimwagikia vidoleni, na sikuwa na mahali pa kulitua.

Wakati huohuo mlango wa uani ukafunguka. Mama mkwe akaingia na beseni la nepi alizotoka kufua.

Tulisimama tukitazamana. Beseni lilianguka. Haraka akavuta kikwembe cha mabegani akajifunika kichwa chote, akageukia ukuta, na mimi nikafumba macho, kweli nilifumba, huku asali inapita kwenye viganja vyangu.

"Sufuria, mama!" nikapaza sauti. "Leta sufuria! Yote inamwangika!"

Nadhani hakuna mkwe aliyewahi kumpazia sauti namna ile. Lakini asali ya bidoni zima ni asali ya bidoni zima. Nikamsikia akisema neno kwa Kiluba, kikwembe kikaanguka chini, na sufuria kubwa ya bukari, ugali wa kwetu, ikasukumwa chini ya mikono yangu. Nilifungua macho. Alikuwa amepiga magoti, ameshika sufuria kwa mkono mmoja na kwa mwingine anakinga pale palipochanika. Vichwa vyetu vilikaribia kugusana. Asali iliyokuwa karibu na moto ilitoka nyepesi na nyeusi. Ya nyuma ilikuwa bado imeganda, ya rangi ya maziwa ya chai, na ilikataa kusogea.

"Polepole, baba, utajichoma," alisema. "Laza upande huu. Eeh. Namna hiyo."

Nikamwona. Alikuwa na mwanya wa mke wangu katikati ya meno ya mbele, na nyusi za binti yangu, zile nyusi ambazo kwa siku zote hizo tulikuwa tunabishana zimetoka kwa nani. Wala hakuwa mzee kama sauti yake.

Tulipolitua bidoni, akili ikamrudia. Aliokota kikwembe, akajifunika, akapita pembeni yangu hadi chumba alicholala, akafunga rido. Nepi nilizianika mimi.

Mchana huo chakula kilikuja mezani bila sauti. Nilimweleza mke wangu yaliyotokea. Alianza kucheka, akashika tumbo. "Usinichekeshe, mushono unauma." Kisha akasikiliza upande wa rido la mama yake, akaacha kucheka.

"Hajakula," alisema. "Anasikia haya. Kwetu, ukishamuona uso, haiishe hivi hivi. Lazima umupatie kitu, umuombe. Halafu yeye ndiye atasema kama mutaonana tena ao hapana."

"Nimpatie nini?"

"Kuku. Na kikwembe. Lakini kikwembe kizuri, si kile utachagua weye."

Nilikwenda soko la Ruashi, nikamwomba mama muuza vitambaa anichagulie cha mkwe. Alichagua cha buluu chenye ndege. Kuku nilimchagua mwenyewe, jike jeupe. Jioni, jua likiwa bado uani, niliweka kikwembe kwenye kiti mbele ya rido, nikamshika kuku kwapani, nikageuka kutazama upande mwingine. Maneno niliyokuwa nimeyaandaa njiani yote yalinitoroka.

"Mama," nikasema, "niliingia jikoni kwako, na nilikupazia sauti. Sikuwa na namna ingine. Pokea hii."

Kuku akalia kidogo.

"Weye ulisema moto hapana," sauti ilisema hatimaye. "Ni mi niliweka moto."

Nilimbana kuku vizuri zaidi kwapani.

"Kuku iko jike?"

"Jike, mama."

"Inataga?"

"Banasema itataga."

Rido likasogezwa. Nilihisi kuku akichukuliwa kutoka kwapani mwangu, kwa upole, kama mtu anayempokea mtoto.

"Basi geuka," alisema. "Tulishaonana. Tujifiche ya nini tena?"

Kesho yake tulianza kazi ya kuiokoa asali. Nilikata bidoni kwa msumeno mdogo, tukalifungua kama boga. Yeye alichota ile ngumu kwa kijiko cha chuma na kuijaza kwenye chupa pana za mayonezi ambazo mke wangu huzitunza. Nilimwambia chupa ziwe kavu kabisa, kijiko kisiwe na hata tone la maji, kwa sababu maji ndiyo huichachusha asali, baridi hapana. Safari hii hakusema "mm". Aliuliza, "Kwa nini?" nami nikamweleza kadiri mjomba wangu alivyonieleza.

Jua lilipopita paa la jirani, tuliweka beseni uani kwenye ukuta unaopata joto. Alimimina maji ya moto, akaongeza ya baridi, akachovya kiwiko.

"Kwa nini kiwiko?" niliuliza.

"Maji ya kuogesha mutoto tunapima hivi. Kama mutoto anaweza, asali pia itaweza."

Nilitia mkono kuhakikisha. Yalikuwa sawasawa. Tulisimamisha chupa ndani, maji yasifike kwenye vifuniko, na kila maji yalipopoa tulibadilisha. Asali ilianza kulegea pembeni ya kioo, utepe mwembamba wa rangi ya dhahabu, ukapanda kidogo kidogo kuelekea katikati. Si kazi ya kuharakisha. Chupa za kwanza zilichukua siku nzima, na usiku tulizifunga kwenye blanketi kuukuu ili zisirudi nyuma. Ile nyeusi iliyopita motoni tuliionja. Ilikuwa chungu, ladha ya maua haipo tena. Aliitazama akatikisa kichwa, akaitenga kwa ajili ya kikohozi.

Siku ya pili tulikuwa tumekaa kwenye viti vidogo, beseni katikati yetu, tukisikiliza malori ya mgodi yakipita barabarani. Aliniambia bila kunitazama:

"Bwana yangu hakumuona mama yangu hata siku moja. Miaka yote ile. Mama alikuya kutuangalia watoto bakizaliwa, bwana yangu analala kwa rafiki yake. Mama akipika, yeye anakulia inje. Banapendana, lakini. Mama alikuwa anamutengea kichwa ya samaki kila mara, na yeye anamunulia tumbako. Siku ya kumuzika mama, banafungua sanduku ili batu baage. Bwana yangu akapita. Akaangalia, akaangalia. Analia sana. Jioni akaniambia: 'Kumbe alikuwa namna hii. Muko na kidevu moja.'"

Alichovya kiwiko majini, ingawa tulikuwa tumeyabadilisha muda mfupi uliopita.

"Nilifikiri juu ya ile maneno," alisema, "nilipokuwa mule chumbani."

Nilisema maji yamepoa kidogo. Akasema hapana, bado. Nikaenda kuleta mengine hata hivyo, na niliporudi alikuwa amejipangusa uso kwa pindo la kikwembe cha ndege.

Ndipo mke wangu akatokea mlangoni, mara yake ya kwanza kutoka nje tangu arudi hospitali, amejishika ukutani, mtoto amefungwa kifuani. Sote wawili tukainuka kumkaripia kwa pamoja. Hakujali. Alikaa kwenye kiti changu, akauliza kama kuna chupa iliyo tayari. Mama yake alimpa ambayo ilikuwa bado nusu ina chembechembe, na konzi ya karanga za kukaanga. Alikula kwa kijiko, akifumba macho kwa sababu ya jua.

"Mutoto alambe kidogo," mama mkwe alisema, akachovya kidole kwenye chupa.

"Infirmière wa hospitali alikataza, mama," mke wangu alijibu. "Mpaka amalize mwaka."

"Mwaka muzima?"

"Muzima."

Mama mkwe alinitazama mimi, usoni, kutafuta msaada. Nikatikisa kichwa. Akacheka kidogo, akarudisha kidole chake, akakilamba mwenyewe.

Tulikaa pale mpaka kivuli cha nyumba ya jirani kikafika miguuni petu. Mtoto alilia, akanyonya, akanyamaza. Kisha mama mkwe alisimama, akazitoa chupa majini moja moja, akazifuta vizuri, akaenda kuwasha makala ya bukari ya jioni.